Mkia wa Nyoka wa Chuma

Mnamo Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua kituo kipya cha treni pembezoni mwa Nairobi, mahali ambapo mwenye gari angeliegesha na kupanda treni hadi katikati ya jiji. Kituo hicho, kama mtaa unaokizunguka, kinaitwa Syokimau. Kwa masimulizi ya Wakamba, Syokimau alikuwa mwanamke mtabiri aliyeishi kabla ya Wazungu kufika bara. Katika maono yake aliwaona watu wenye rangi kama ya nyama, wanaobeba moto mifukoni, na nyoka mrefu anayetambaa kutoka maji makubwa ya upande mmoja hadi maji makubwa ya upande mwingine. Basi leo abiria anakata tiketi katika kituo chenye jina la mtu anayesemekana kuitabiri treni, na hakuna anayeshangaa. Ilipokuja reli mpya ya SGR mwaka 2017, stesheni yake ya Nairobi nayo ikawekwa jirani na hapo.

Litaje jambo hili mbele ya watu uone wanavyogawanyika. Wapo watakaouliza kwa mshangao, aliyajuaje? Wapo watakaocheka na kusema kwamba hadithi ilitungwa baada ya reli kupita, kisha ikabandikwa kwa marehemu asiyeweza kukana. Wanaonekana mahasimu, lakini kazi wanayoifanya ni moja, ya karani wa mizigo: wanaushika utabiri, wanaulinganisha na kilichotokea, wanatia alama ya vema au ya kosa, wanafunga daftari. Ukarani huo haunitoshi. Utabiri ni utungo kama tungo nyingine. Una namna unavyofunguliwa, una picha zake na mpangilio wake, na una mwisho wake. Naam, mwisho hasa ndio unaonishughulisha, maana muumini na mwenye kucheka wote wawili huwa wamekwisha kuondoka kabla haujafika.

Chukua utabiri wa Mugo wa Kibiro, mwonaji wa Wagikuyu, ambao Jomo Kenyatta aliuandika katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka London mwaka 1938. Masimulizi hayaanzi na maneno. Yanaanza na mwili. Mugo anaamka alfajiri akiwa na michubuko, anatetemeka, hawezi kusema. Wake zake wanaingiwa na hofu, wazee wanaitwa, sadaka inatolewa, na ndipo ulimi unapofunguka na anaeleza kwamba usingizini alichukuliwa na Ngai hadi nchi asiyoijua. Msomaji wa leo huirukia sehemu hii kama dibaji ya mtu mwingine. Lakini ndiyo inayojibu swali ambalo msikilizaji yeyote mwenye akili angeuliza: wewe umeyapata wapi haya? Jibu limewekwa kwenye ngozi, mahali ambapo wake na wazee wanaweza kuliona na kulishuhudia, kisha likapitishwa kwenye ububu wa muda, ili maneno yatakapotoka yaonekane yamelipiwa. Fundi aliyeipanga hadithi hii, awe Mugo, awe Kenyatta, awe mzee mmojawapo kati yao, alijua kwamba neno likitoka upesi mno halisadikiki.

Kisha picha. Wageni watatoka katika maji makubwa. Rangi ya miili yao itafanana na kiengere, chura mdogo mweupe-mweupe anayekaa majini. Mavazi yao yatakuwa kama mbawa za vipepeo. Watashika vijiti vya kiajabu vinavyotoa moto. Baadaye atakuja nyoka wa chuma, mwenye miguu mingi kama tandu, anayetema moto, naye atajinyoosha kutoka maji makubwa ya mashariki hadi maji makubwa ya magharibi.

Tazama jinsi viumbe walivyogawanywa. Watu wenyewe wamepewa wanyama wadogo na laini, chura na kipepeo, vitu ambavyo mtoto wa Kigikuyu huvikimbiza mtoni bila kuogopa chochote. Vyombo vyao ndivyo vilivyopewa moto, chuma na nyoka. Mtungaji angeweza kumfananisha Mzungu na chui au fisi; masimulizi ya Kiafrika yamejaa fisi wa kuazima. Hakufanya hivyo. Amemtenganisha mtu na chombo chake, akaweka udhaifu upande mmoja na hatari upande mwingine. Hilo tayari ni uchambuzi wa ukoloni, na kwa maoni yangu ni uchambuzi mzuri kuliko mwingi uliokuja baadaye na tanbihi zake. Anayeusikiliza vizuri anaambiwa kwamba ngozi ile haina nguvu yoyote ya pekee, na kwamba akitaka kujua nguvu iko wapi aangalie kilichoshikwa mkononi.

Na yule nyoka ana miguu. Hapa ndipo ninaposimama kila ninapousoma utungo huu. Nyoka hana miguu. Ndiyo alama yake ya kwanza. Msemaji anaanza na nyoka kwa sababu ya urefu na mtambao, kisha anagundua kwamba mfano haukutosha, anaukarabati kwa tandu, halafu tandu naye hatoshi kwa sababu hatemi moto, basi moto unaongezwa juu yake. Picha tatu zinapandana bila kuyeyuka kuwa moja. Msemaji dhaifu angechagua moja na kuisafisha. Huyu ameacha mishono wazi, na mishono hiyo ndiyo inayotufanya tumwamini kuwa anaangalia kitu asichokuwa na jina lake.

Au anajifanya. Tuseme wenye shaka wana haki yao. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901. Kenyatta anachapisha mwaka 1938. Kati ya hapo kuna muda wa kutosha kwa wazee wowote kuinyoosha hadithi hadi itoshe kwenye reli. Lakini hata tukikubali hivyo, swali la umbo linabaki palepale, tena linakuwa gumu zaidi. Mtu anayejua magurudumu ni nini ameamua kuyaita miguu. Amejinyang'anya ujuzi wake kwa makusudi na kusimama tena upande ule wa historia ambako garimoshi halijazaliwa. Hiyo ni kazi ya kitendawili. Mtegaji anakijua kitu, anakificha nyuma ya kitu kingine, na raha iko katika umbali kati ya viwili hivyo. Tofauti ni kwamba katika kitendawili anayeshindwa hutoa mji, akapewa jibu, mchezo ukaendelea. Huku kwenye reli miji ilitolewa kweli. Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya wajenzi wa njia ile.

Nyoka huyu hakukaa kwa Wagikuyu na Wakamba tu. Wanandi wanasimulia kwamba Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wao, yaani mwonaji na kiongozi, alimwona nyoka akitokea ziwa la mashariki, akitoa moshi na moto, akienda kuzima kiu yake katika ziwa la magharibi. Wamaasai wanamtaja Mbatian, laibon au mwonaji wao, kwa maono ya namna hiyohiyo. Ukiziweka simulizi hizi kwenye ramani unapata kitu cha kuchekesha kidogo: nyoka anatabiriwa hasa na majirani wa reli. Mwenye kucheka atasema, si nilikuambieni? Mimi naona jambo jingine. Picha ya nyoka ni fungu la pamoja, kama mafungu ambayo watunzi wa tenzi huyachukua kutoka hazina ya wote kila wanapotaka kueleza vita au bahari. Fungu la namna hiyo halikuambii mengi kuhusu msemaji, kwa kuwa si lake. La kwake ni lile analolitia baada ya fungu. Kwa Syokimau ni moto unaobebwa mfukoni, jicho la mtu anayeangalia vitu vidogo vya nyumbani. Kwa Kimnyole ni kiu: nyoka anakuja kunywa, na ziwa atakalolinywa liko ng'ambo ya nchi ya Wanandi, kwa hiyo lazima apite juu yao. Kimnyole mwenyewe aliuawa na watu wake mwaka 1890, akilaumiwa kwa misiba iliyowapata. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani mrefu hadi alipopigwa risasi na Kapteni Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Nyoka mmoja, na watu waliomfanyia mambo tofauti kabisa.

Kwa Mugo kilichofuata nyoka ni shauri. Huu ndio mkia ninaousema. Mkisha kuwaona, asema, msiwapige kwa mikuki, maana vijiti vyao vitawamaliza kabla hamjawafikia. Wapokeeni kwa adabu, lakini kwa tahadhari, na wala msiwakaribishe karibu mno na maboma yenu, kwa sababu wataitamani ardhi yenu na mwisho watataka kila mlicho nacho. Yote yaliyotangulia, michubuko, chura, kipepeo, tandu, yalikuwa njia ya kufikia hapa. Ukiusoma utungo huu kama taarifa ya mambo yajayo, mkia unaonekana kiambatisho. Ukiusoma kama ulivyopangwa, sentensi kuu zote ziko katika kauli ya amri, na picha zilizotangulia ni sababu za kutii.

Kenyatta alilielewa hilo vizuri kuliko wengi wa wasomaji wake. Kitabu chake kina sura za dini na uganga, ambako mtaalamu yeyote wa enzi zile angeutupa utabiri huu ukae pamoja na matambiko. Yeye aliuingiza katika sura ya umilikaji wa ardhi. Alikuwa amesoma chini ya Bronisław Malinowski katika London School of Economics, na Malinowski ndiye aliyemwandikia dibaji. Alijua kanuni za sayansi ile ya watu, na alijua kwamba Tume ya Ardhi ya Carter ilikuwa imemaliza kazi yake mwaka 1934 bila kuwaridhisha Wagikuyu. Kwa kuuhamisha utabiri kutoka sura moja hadi nyingine, bila kubishana na mtu, ameugeuza kuwa ushahidi: babu zetu waliwapokea wageni kwa adabu kama walivyoagizwa, hawakuwapa nchi. Mtu anaweza kusema kwamba huu ni ujanja wa mwanasiasa. Ni ujanja kweli. Lakini ni ujanja wa msomaji makini, aliyeona mkia uko wapi na akaushika.

Watawala nao, kama masimulizi ya Thika ni ya kuaminika, walikuwa wasomaji wa aina yao. Inasimuliwa kwamba Mugo alisema utawala wa Waingereza utakoma siku mti mmoja wa mugumo utakapoanguka, na kwamba wakoloni walipopata habari waliuzungushia chuma ili usimame. Radi iliupasua mwaka 1963. Siwezi kulipitia jambo hili bila kutabasamu: serikali yenye wahandisi, wapimaji wa ardhi na idara ya misitu, inaukinga mti dhidi ya maneno ya marehemu. Waliojiita watu wa sayansi walikuwa wakiulea utabiri.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliurithi mkia huu na kuukunja upya. Katika The River Between, riwaya ya mwaka 1965, mzee Chege anampeleka mwanawe Waiyaki mlimani kwenye mti mtakatifu na kumwambia kwamba wao ni wa ukoo wa Mugo. Kisha anamfunulia sehemu ambayo watu hawakuijali: kwamba wokovu utatoka milimani, kwamba katika damu ileile atainuka mwana wa kuwaongoza watu wake. Na ushauri: nenda misheni, jifunze maarifa yote ya Mzungu, usifuate maovu yake. Umbo la mazungumzo hayo ni la ustadi wa kutisha. Vipepeo wamekwisha kuja, hilo halina ubishi. Kwa hiyo sehemu iliyotimia inakuwa dhamana ya sehemu isiyotimia bado. Kijana hapewi hoja ya kwamba yeye ni mwokozi. Anapewa deni, kwa kuwa nusu ya kwanza imelipwa na nusu ya pili inadaiwa kwake.

Mbinu hii ni kongwe kuliko Kameno na Makuyu, milima miwili ya riwaya hiyo. Kitabu cha Danieli, sura ya 11, kinasimulia vita vya wafalme wa kusini na wa kaskazini kwa mfuatano unaolingana kwa karibu sana na historia ya karne za baada ya Aleksanda, hadi kumfikia Antioko wa Nne aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu. Halafu, karibu na mstari wa 40, ulinganifu unakatika. Mfalme anaelezwa kufika mwisho wake akiwa amepiga hema kati ya bahari na mlima mtakatifu. Antioko alifia mbali, upande wa Uajemi, mwaka 164 kabla ya Kristo. Mwanafalsafa Porfiri aliuona mshono huu tangu karne ya tatu, akahitimisha kwamba mwandishi aliishi wakati wa Antioko. Wahakiki wengi wa leo wanakubaliana naye. Waumini wengi wanaisoma mistari ile kuwa inamhusu mfalme ambaye bado hajaja. Mimi si mwamuzi kati yao. Ninachokiona ni kwamba wote wawili wanaishi kwenye mshono uleule, na kwamba mwandishi, awe wa karne gani, anawaambia watu walio katika mateso wavumilie. Orodha ya wafalme imewekwa ndefu hivyo ili neno hilo moja liwe na pa kusimama.

Nikirudi kwa Waiyaki, kwa bahati mbaya yake si msomaji mzuri. Anaishika sehemu ya maarifa, anajenga shule juu ya shule, anasahau kwamba baba yake alimpa sentensi mbili zilizofungwa pamoja. Anapokuja kuelewa kwamba elimu bila umoja wa milima miwili haitoshi, Kiama, baraza la wazee, kimekwisha kumweka kitako. Sikubaliani na wanaosema kwamba Ngũgĩ anaukejeli utabiri. Anamkejeli mpokeaji aliyeuchukua kama cheo.

Katika miaka ya karibuni wanajiolojia wameanza kuzichukulia ngano kwa uzito, na wana jina la fani hiyo, jiomitholojia: wanatafuta katika hadithi za kale kumbukumbu ya volkano na tetemeko. Ni kazi ya heshima, ingawa mara nyingi inafanana na kumenya chungwa ili kula ganda; tukio linachukuliwa, utungo unatupwa. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kinaonyesha thamani ya kilichotupwa. Mwaka 1907 bahari iliwavamia na kuua wengi. Waliobaki walitunga masimulizi na nyimbo za kulelea watoto kuhusu smong, yaani wimbi lile, na kiini chake ni sharti: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilianzia karibu kabisa na kisiwa hicho. Kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa saba. Hapakuwa na nyoka wala kipepeo katika utungo ule. Ulikuwa karibu mkia mtupu, umetiwa katika sauti ya mama anayebembeleza ili usisahaulike kwa miaka tisini na saba.

Sasa Ngarambe, ambako mambo ni machungu zaidi. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale, mtu wa bonde la Rufiji, aliingia katika kidimbwi cha mto, akalala huko, akatoka siku ya pili mzima na nguo kavu. Mwili kwanza, kama kwa Mugo. Kisha neno: dawa ya maji itawakinga watu wasidhurike, risasi za Wadachi, yaani Wajerumani, zitageuka maji. Habari ilienea kwa minong'ono hadi kwa Wamatumbi, Wangindo, Wakichi, na makundi kwa makundi yakaenda Ngarambe kuchukua dawa.

Linganisha sentensi hii na ya Mugo. Haina mfano hata mmoja. Hakuna "kama", hakuna mbawa, hakuna tandu. Kitu kimoja kitageuka kitu kingine, hapa, mwaka huu, kifuani pako. Mugo alitabiri jambo ambalo lingechukua nusu ya maisha ya mtu kulithibitisha, na lilivikwa picha zinazoweza kutoshea mengi. Utabiri wa maji ungeweza kupimwa alasiri moja. Karl Popper aliandika mwaka 1934 kwamba dai la kisayansi hutambulika kwa kukubali kukanushwa, na kwa kipimo hicho utabiri ulio karibu zaidi na sayansi katika historia yetu ni huu uliotuangamiza. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji kwa maelfu waliliendea boma la Mahenge, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Vita na njaa iliyofuata viliua watu ambao baadhi ya wanahistoria wanawakadiria kufika 250,000 hadi 300,000.

Nimesema ungeweza kupimwa. Ukweli ni kwamba nao ulikuwa na mkia, tena mikia miwili. Mmoja ulikuwa wa miiko: aliyechukua maji asilale na mwanamke, asipore mali. Huo ulitoa mlango wa kutokea kila maiti ilipoonekana, maana marehemu labda alivunja mwiko. Mkia wa pili ulikuwa neno moja tu, subirini. Kinjikitile aliwataka watu wangoje hadi atakapotangaza vita. Wamatumbi wa Nandete walichoka kungoja. Mwezi Julai 1905 waling'oa miche ya pamba shambani ili kuwachokoza Wadachi, na vita vikaanza kwa mkono wao. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, wiki kadhaa kabla ya Mahenge. Hakuwahi kuuona utabiri wake ukipimwa. Tunamshtaki kwa kichwa cha sentensi, ilhali watu walikuwa wameikata kabla haijaisha.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na katika dibaji alionya kwamba huyu wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa. Onyo hilo limenukuliwa na wanafunzi wengi kiasi cha kuchakaa, lakini hatujauliza sana ni nini hasa sanaa imekifanya kile kiumbe. Jibu langu ni kwamba Hussein amehamisha uzito wote wa mchezo kwenye mwisho wa sentensi. Pepo, Hongo, hatumwoni kamwe; tunachopewa ni mtu aliyepagawa na maneno yanayomtoka. Maneno hayo yanapanda vizuri: dawa, umoja, kufukuzwa kwa Wajerumani. Kisha kinakuja kishazi cha mwisho, kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati umekwisha kulewa kwa kile cha kwanza na haukisikii. Kinjeketile, akili zinapomrudia na anapokabiliwa na maneno hayo, ndiye anayekisikia, na anavunjika. Ukombozi wote uliotangulia ulikuwa unaelekea utumwa mwingine, kwa sultani aliyekufa tangu 1856. Nabii wa Hussein ni mtu wa kwanza katika mkasa wote huu aliyesoma hadi mwisho, na alilazimika kuanza na maneno yake mwenyewe.

Kuanzia hapo tamthilia inakuwa mabishano juu ya nani ana haki ya kuumaliza utabiri. Kitunda, mmoja wa viongozi wa wapiganaji, anataka jeshi na mazoezi. Wawakilishi wa makabila, ambao Hussein hakuwapa majina ila ya makabila yao, wanataka wapewe maji na waende. Kinjeketile anajaribu kuurudisha ule mkia wa kungoja, na hawezi tena, kwa sababu neno limekwisha kuwa kubwa kuliko aliyelisema. Kuna mahali katika mchezo ambapo maelezo ya kwamba maji ni umoja yananiudhi kidogo. Yananukia miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha, wakati umoja ulikuwa jibu la kila swali, na yanampa mtazamaji wa mjini namna rahisi ya kuuheshimu utabiri bila kuuamini. Kama maji yalikuwa nembo tu, Mahenge inakuwa ajali ya tafsiri.

Onyesho la mwisho halina urahisi huo. Wako gerezani. Wajerumani wanataka kitu kimoja: Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akubali, na hoja zake si za woga. Watu wamekufa, kila siku ya ukimya inaongeza maiti, na wote wawili wanajua kwamba maji hayakuzuia risasi. Kwa hesabu ya karani, Kinjeketile ameshindwa na hana la kutetea. Anakataa. Sababu anayoitoa inaelekea kwa watoto watakaokuja: akitia kauli hiyo, watafundishwa kwamba waliotangulia walipigana kwa ujinga, na kupigana kwenyewe kutafutwa pamoja na dawa. Wajerumani hawamtaki ajutie. Wangeweza kumnyonga tu, na watamnyonga. Wanachotaka ni kuandika kishazi cha mwisho cha utabiri kwa kinywa cha aliyeutoa. Hussein amempa mtu wake, ambaye hakuweza kukitawala kishazi cha Seyyid Said wala kuulinda ule mkia wa kungoja, uwezo wa kukataa hicho kimoja, na gharama yake hajaifuta: Kitunda yuko palepale, na hoja ya Kitunda haijajibiwa.